Umesamehewa, Lakini Bati Bado Limebonyea



Mpendwa kijana, kuna swali ambalo wengi wetu hulibeba kimyakimya tukitoka kwenye kiti cha maungamo. Nimeungama. Padre amenipa ondoleo la dhambi. Mungu amenisamehe, tena kweli kweli. Sasa kwa nini bado nina deni kwa yule niliyemkosea? Kama Damu ya Kristo imelipa yote, mimi nalipa nini tena?

Wapo wanaolijibu haraka: "Ukishasamehewa imekwisha, songa mbele." Wapo wengine wanaovuta kamba upande wa pili: "Husamehewi mpaka ulipe senti ya mwisho." Kanisa halisemi hivyo, wala halisemi vile. Ili tuelewe linasema nini, twende kwanza gereji.

Gari la baba mkubwa

Chukua mfano huu. Kijana wa hapa Matwebe, wilayani Rungwe, anaazima Land Rover ya zamani ya baba yake mkubwa apeleke ndizi Tukuyu. Huku kwetu unajua mvua ilivyo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo ukilowa njia inakuwa kama imepakwa sabuni. Gari linaserereka, linakwenda kuegemea mti, ubavu mzima unaingia ndani. Jioni kijana anarudi, anapiga magoti. "Shikamoo baba. Nisamehe, gari nimeliharibu." Mzee ananyamaza kidogo, halafu anasema, "Marahaba. Wewe mwenyewe uko mzima? Basi. Nimekusamehe, mwanangu. Inuka ule."

Huo ni msamaha wa kweli. Mzee hajasema "nitakusamehe ukilipa". Hajaweka masharti. Kijana amekula mezani pake usiku uleule.

Lakini toka nje ukalitazame gari. Bati bado limebonyea. Mlango haufungi vizuri, maji yanaingia. Msamaha umeponya kilichokuwa kati ya watu wawili, lakini haujagusa bati. Na kesho asubuhi kijana atapita mbele ya lile gari. Ana njia tatu. Anaweza kupita akitazama pembeni. Anaweza kutafuta namna ya kulifunika lisionekane. Au anaweza kuuliza, "Baba, nyundo iko wapi?"

Swali letu la leo lote liko hapo.

Puti na rangi

Mafundi bodi wanajua njia ya mkato, na wateja wengi wanaipenda. Unachukua puti, unajaza lile bonde, ikikauka unapiga msasa, unapaka rangi. Kwa siku mbili gari linang'aa, na kwa macho huwezi kujua.

Tuseme ukweli, puti yenyewe si mbaya. Fundi mzuri anaitumia, lakini mwishoni, baada ya bati kunyooka, tena kidogo sana, kusawazisha alama ndogo za nyundo. Shida inaanza puti inapochukua nafasi ya kunyoosha. Puti nene ikipakwa juu ya bati lililobonyea haidumu. Gari linatetemeka barabarani, bati linacheza, puti haichezi nalo, basi inapasuka. Maji yanapenya kwenye ufa. Kwenye gari la bati la chuma, kama Peugeot 504 au ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, kutu inaanza kula kwa ndani huku nje rangi bado inapendeza. Siku puti inapodondoka, palipokuwa na bonde sasa pana tundu.

Kijana mwenzangu, ziko puti za kiroho pia. Umemchafulia mwenzako jina kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Umeungama, halafu Jumapili unaposti mstari wa Biblia, unaimba kwa nguvu kuliko wote, unajitolea kupamba kanisa. Yule dada naye bado anapita njia ya nyuma ili asikutane na macho ya watu. Au umekula hela ya kikundi, ukaungama, sasa unatoa sadaka kubwa ili moyo utulie. Kuimba ni kuzuri na sadaka ni njema. Lakini vikitumika kujaza bonde ambalo hutaki kulinyoosha, vimekuwa puti. Ndiyo maana Bwana wetu, katika Mathayo 5:23-24, anamwambia mtu aliyekwisha kufika altareni na sadaka yake kwamba aiache pale kwanza, aende akapatane na ndugu yake, ndipo arudi aitoe. Sadaka haikataliwi, ila isije ikafunika kitu.

Na kama wewe ni fundi mwenyewe, au unajifunza ufundi, hapa pana jambo la kazi yako pia. Kumpaka mteja puti nene na kumwambia "nimenyoosha" ni uongo, hata kama mdomo umesema kwa upole. Msimamizi wa mafundi wa vyuma ni Mtakatifu Eligius, ambaye sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba. Alikuwa mfua dhahabu nchini Ufaransa kabla hajawa askofu, akafariki mwaka 660. Masimulizi ya maisha yake yanaeleza kwamba mfalme Clothar II alimpa dhahabu ya kutengeneza kiti kimoja cha enzi. Eligius akaleta viwili, kwa sababu dhahabu ilitosha viwili. Angeweza kubaki na iliyozidi, na hakuna ambaye angejua. Utakatifu wake ulianzia hapo, kwenye kitu ambacho mteja hawezi kukiona.

Mkono unavyofanya kazi

Sasa tumtazame fundi anayenyoosha kweli, kwa mkono. Kazi yake inafundisha mengi kuliko inavyoonekana.

Kwanza, hapigi. Anaosha tope, halafu anapapasa. Kiganja kinasikia kitu ambacho jicho halikioni. Anatazama nje, kisha anafungua pambo la ndani na kutazama kwa nyuma. Fundi anayeshika nyundo kabla ya kutazama anaongeza hasara.

Pili, anauliza gari liligongwaje, kutoka wapi, nini kilianza. Bati halikunjwi lote kwa mara moja. Linagongwa mahali pamoja, likiingia ndani linavuta na pembeni, na kuzunguka bonde panainuka mikunjo migumu. Mikunjo hiyo ndiyo inayolifungia bonde lisirudi. Kwa hiyo fundi hakimbilii katikati palipoingia zaidi. Anaanza pembeni, anailegeza ile mikunjo iliyokuja mwisho, na polepole anarudi nyuma kuelekea pigo la kwanza. Kilichoharibika mwisho kinanyooshwa kwanza.

Hivi ndivyo uharibifu mwingi wa maisha unavyotoka. Hukuanza kwa kuvunja ndoa ya dada yako kwa maneno. Ulianza na wivu mdogo, ukaja umbea, kisha uongo wa kufunika umbea, kisha uadui wa kufunika uongo. Ukitaka kunyoosha, anza na ule uadui wa mwisho, acha kununa, msalimie. Halafu ondoa uongo. Ndipo utaufikia wivu.

Tatu, analainisha. Hapa zile Land Rover za zamani zina somo lake. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha bati kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo mabati mengi ya bodi yakatengenezwa kwa aloi ya alumini juu ya fremu ya chuma. Alumini haina kutu nyekundu, ila ina tabia yake: ukiigonga inazidi kuwa ngumu. Ukiendelea tu kugonga, inapasuka. Inabidi ipashwe moto ndipo ilainike. Lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na haibadiliki rangi kukuonya kama chuma kinavyowaka wekundu. Unapasha, unapasha, ghafla imedondoka. Mafundi wa zamani walipata dawa rahisi. Wanapaka sabuni ya kawaida juu ya bati na kupitisha moto taratibu. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea karibu na weusi, wanaondoa moto. Bati limelainika bila kuharibika.

Majuto ya kweli ndiyo moto huo. Bila majuto, malipizi yanakuwa mapigo juu ya kitu kigumu. Unamrudishia mtu hela yake huku umekunja uso, naye anaumia mara ya pili. Lakini pia majuto yasiyo na kipimo yanayeyusha. Kijana anayejiambia kila usiku "mimi ni takataka, sifai" hajalainika, ameanza kudondoka. Neno la padre kwenye kitubio ni kama ile sabuni. Linakuambia: hapa panatosha, ondoa moto, sasa anza kazi.

Nne, na hili ndilo napenda ulibebe. Fundi ana mikono miwili. Mmoja unapiga kwa nje. Mwingine umeshika kipande cha chuma kizito upande wa nyuma, mahali ambapo hakuna anayeona. Nyundo bila kile chuma cha kushikilia inaongeza mabonde tu. Bati linanyooka kwa sababu kuna kitu kinalipokea kwa ndani kila pigo linapotua.

Ukienda kumwomba mtu msamaha, au kurudisha ulichochukua, usidhani unafanya kwa nguvu yako peke yako. Neema iko upande wa nyuma. Huioni, lakini bila hiyo usingeweza hata kugonga mlango wa yule mtu.

Kanisa linasema nini basi?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha wazi kwamba ondoleo la dhambi linaondoa dhambi, lakini haliponyi vurugu zote ambazo dhambi imezisababisha. Madhara mengi huwapata watu wengine, na mtu anapaswa kufanya yote yanayowezekana kuyarekebisha: kurudisha kilichoibwa, kumrudishia mtu jina lake jema, kulipa fidia ya jeraha. Namba 2412 inaligusa suala la mali iliyoibwa na kumtaja Zakayo. Namba 2487 inaligusa suala la uongo, kwamba wajibu wa kurekebisha unabaki hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa. Na Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba matendo ya mwenye kutubu ni matatu: majuto, maungamo na malipizi.

Lakini angalia mpangilio kwa Zakayo, Luka 19:1-10. Yesu anamwita akiwa bado juu ya mkuyu, na mifuko yake bado imejaa. Anataka kushinda kwake leo. Hakumwambia "lipa kwanza". Zakayo anasimama mwenyewe na kusema atawapa maskini nusu ya mali yake, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Malipizi hayakununua ile ziara. Ziara ndiyo iliyozaa malipizi.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Malipizi si bei ya msamaha, maana msamaha hauna bei. Yule kijana wa Matwebe hanyooshi gari ili baba mkubwa amkubali. Amekwisha kukubaliwa, amekula ugali wake. Ananyoosha kwa sababu sasa ni mtoto wa nyumba ile, na mtoto hapiti mbele ya gari la baba lililobonyea akajifanya halioni. Msamaha ndio uliompa nyundo mkononi. Asiyesamehewa anakimbia gereji. Aliyesamehewa anaweza kulitazama lile bonde bila kuogopa, kwa sababu halimtishi tena.

Mfano mkubwa

Tarehe 13 Mei 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alipigwa risasi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Alimsamehe aliyempiga, Mehmet Ali Ağca, mapema kabisa na hadharani. Tarehe 27 Desemba 1983 akaenda kumtembelea gerezani Rebibbia, Roma, wakakaa viti viwili wakizungumza kwa sauti ya chini. Lakini Ağca hakutoka naye siku ile. Aliendelea na kifungo chake Italia hadi mwaka 2000.

Je, msamaha wa Papa ulikuwa wa uongo? La hasha. Msamaha ulikuwa kamili, na haki nayo ikaendelea na njia yake. Kijana anayesema "kama kweli umenisamehe, usinidai" anachanganya mambo mawili. Na mzazi au mchumba anayesema "nimekusamehe" kisha kila wiki anakumbusha kosa, naye amechanganya. Gari likishatoka gereji, usiligonge tena palepale kuona kama limepona.

Nyundo iliyozidi

Hapa pana onyo ambalo mafundi wanalijua vizuri. Kila pigo linalobana bati kati ya nyundo na chuma cha nyuma linalitanua kidogo. Ukipiga mno, bati linakuwa kubwa kuliko nafasi yake. Halibonyei tena, ila linavimba na kucheza, ukiligusa linafanya "pwa, pwa". Kulirudisha hapo ni kazi kubwa kuliko bonde la mwanzo.

Kuna kuomba radhi kunakotanua bati. Unamfuata mtu kila siku, unalia, unatuma meseji usiku wa manane, unataka akuambie tena na tena kwamba amekusamehe. Kumbe hapo humtengenezei yeye, unajitafutia nafuu wewe. Vilevile, kama umemsema dada wa watu vibaya kwa watu watano, rudi kwa wale watano ukawaambie, "Nilichosema hakikuwa kweli." Usiende kutangaza kanisani mbele ya mia tatu ambao hawakuwa na habari. Nyundo ipige palipobonyea tu.

Kama ulikula hela ya kikundi cha VIWAWA au ya jumuiya na huna ya kurudisha yote leo, zungumza na mweka hazina, mpange kidogo kidogo. Kama kurudisha waziwazi kutaleta hatari kubwa zaidi, muulize padre. Ipo namna ya kurudisha kwa busara. Lakini usikae na hela ya watu ukisali Rozari juu yake.

Na kisichonyooka je?

Tuseme ukweli hadi mwisho. Mabati mengine hayanyooki. Yamechanika, au kutu imekula. Fundi anakata, anachomelea kiraka. Na yako madhara ambayo hata kiraka hayana. Uliyemtukana amefariki kabla hujamfikia. Mimba imetolewa. Rafiki amehamia mbali na hataki kusikia sauti yako, na ana haki hiyo.

Kwa hayo Kanisa halikuachi mikono mitupu. Linakwambia ufanye yanayowezekana, si yasiyowezekana. Mtolee marehemu Misa. Walee walio hai kwa namna ambayo hukumlea yule. Beba maumivu yako bila kumwangushia mwingine. Mengine yote yanapita mikononi mwa Mungu, ambaye anajua kunyoosha hata upande ule wa bati ambao mikono yetu haifiki.

Na hata kile kilichonyooka vizuri kina alama. Nje rangi imekaa safi, lakini ukifungua na kutazama kwa nyuma utaziona nukta za nyundo, mamia yake. Gari halikurudi kuwa kama halikugongwa. Limekuwa gari lililogongwa likatengenezwa, na hicho ni kitu tofauti. Bwana Mfufuka alipowatokea wanafunzi hakuwa ameficha alama za misumari. Alimwambia Tomaso azitazame na aweke mkono wake ubavuni, Yohane 20:27. Mwili wa utukufu, na bado una alama. Basi usione aibu kwa alama za nyundo kwenye maisha yako. Ona aibu kwa puti.

Jiulize wiki hii

Ni nani ambaye Mungu amekwisha kunisamehe kuhusu yeye, lakini bado nampita nikitazama pembeni?

Ni ibada au huduma gani ninayoitumia kama puti?

Kilichoharibika mwisho kabisa kati yetu ni nini, ili nianzie hapo?

Tusali

Ee Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono pamoja na Yosefu pale Nazareti, asante kwa kunisamehe kabla sijalipa chochote. Nipe macho ya kuliona bonde nililolisababisha, na moyo uliolainika usiovunjika. Ninapoinua mkono wangu kutengeneza, wewe shikilia kwa nyuma. Nisipige kwa hasira, nisipige kupita kiasi, wala nisifunike kilicho kibovu. Na kile nisichoweza kukinyoosha, kipokee wewe mwenyewe. Amina.

Mtakatifu Eligius, utuombee. Mtakatifu Yosefu, utuombee.

Kama kuna jina lilikuja kichwani ulipokuwa ukisoma, usisubiri Kwaresima. Mpigie leo.